Demo ya gemu ya mpira ikitoka, siku ya kwanza tuamini nini

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo zenu. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi mchana kama hii wengi mngekuwa uwanjani au kwenye kibanda cha gemu, na wengine mmekuja kwa ajili ya bonanza tu mnasubiri hotuba iishe mshike pedi, sawa kabisa, sitawachosha sana, ila hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na watu sahihi wa kuambiwa ni nyie.

Nataka tuongee kuhusu demo. Ile gemu fupi ya bure ambayo kampuni inaiachia wiki chache kabla gemu yenyewe haijaingia sokoni, timu chache, viwanja viwili vitatu, dakika chache za mechi, unacheza unaona kama inakufaa. Na hasa nataka tuongee kuhusu yale maneno yanayotoka saa 24 za kwanza baada ya demo kuachiwa, maana hayo maneno ndiyo yanayoamua nani ananunua na nani hanunui.

Mnajua inavyokuwa. Demo inatoka asubuhi, kufika saa nane mchana magrupu yote ya WhatsApp yamejaa voisi, huyu anasema gemu imekufa mwaka huu, yule anasema haijawahi kutoka nzuri kama hii, wa tatu anasema ni ile ile ya mwaka jana wamebadilisha jezi tu, na wote watatu wamecheza mechi mbili mbili. Sisemi wanadanganya. Kila mmoja anasema kweli alichokiona ila wanaongelea vitu tofauti kabisa, na sisi tunaosikiliza hatujui tumchukulie nani, basi mtu anatoa hela aliyojibana miezi kununua kitu ambacho hakitamfaa, au anaikataa gemu nzuri kwa sababu ya voisi moja ya mtu aliyefungwa tano bila.

Msimamo wangu nausema mapema ili mjue naelekea wapi. Lalamiko la siku ya kwanza likiwa linahusu mwili wa gemu, yaani ilivyotengenezwa yenyewe, liamini. Likiwa linahusu vidole vyako, yaani mazoea yako ya kucheza, lipe muda. Na kampuni inayoacha kutoa demo kabisa inatuumiza sisi wa huku kuliko inavyomuumiza mtu wa London au New York, na hilo nitalifikia.

Tuanze na Septemba 2011, demo ya FIFA 12. Waliokuwa wanacheza enzi zile wanakumbuka ukabaji wa zamani ulivyokuwa, unashikilia batani moja, beki anamkimbilia mwenye mpira mwenyewe na anamnyang'anya mwenyewe, kazi yako wewe ni kutoachia kidole. Sasa FIFA 12 ikaja na ukabaji mpya waliouita Tactical Defending. Ukishikilia batani ya X kwenye PS3 beki hachukui mpira tena, anamfuata mtu kwa umbali fulani, anambana, anasubiri, na kuuchukua mpira ni wewe ubonyeze batani nyingine kwa wakati wake, ukiwahi unapitwa, ukichelewa unapitwa.

Kuna kijana nilikuwa nimekaa pembeni yake kibandani demo ile ilipofika, mkabaji mzuri sana wa mtaani kwetu, watu walikuwa wanamkwepa kucheza naye kwa hela. Ameshikilia X, amekaza mpaka kucha imekuwa nyeupe, winga wa mwenzake anatembea tu, anaingia ndani, beki wake anarudi kinyumenyume anamwangalia, anarudi, anarudi, mpaka kwenye boksi, goli. Anacheza tena, vile vile. Akaweka pedi chini akasema mabeki wa gemu hii wameharibika, hawakabi. Na akaondoka na hiyo habari akaisambaza, na watu wakaamini kwa sababu alikuwa mkabaji mzuri.

Sasa angalieni. Mabeki hawakuharibika. Walikuwa wanafanya kile walichoambiwa na gemu mpya, na yeye alikuwa anawaambia kwa lugha ya gemu ya zamani. Dunia nzima ililalamika hivyo hivyo na EA, wenye gemu ya FIFA, wakauacha ukabaji wa zamani kama chaguo kwa asiyetaka kubadilika, lakini miaka ilivyokwenda ule mpya ndio ukawa ukabaji wenyewe, na wa zamani ukaja kuondolewa kwenye mashindano ya onlaini. Leo mtoto wa miaka kumi na mbili anakaba kwa Tactical kama vile amezaliwa nao, hajui kama kuna watu waliwahi kuikataa gemu nzima kwa sababu yake.

Lakini demo ile ile, siku ile ile, kulikuwa na lalamiko la pili. FIFA 12 ilileta pia mfumo mpya wa kugongana miili, Player Impact Engine. Watu wakaanza kuona wachezaji wanagongana kidogo tu halafu wananasana miguu, mmoja anaanguka juu ya mwingine, mikono inazungukana kama wanakumbatiana, kipa na beki wanaviringika wakati mpira umeshaondoka zamani. Hilo nalo likasambaa, na hilo lilikuwa kweli tupu. Gemu kamili ilipotoka bado miili ilikuwa inanasana, klipu zilijaa intaneti msimu mzima. Wewe ukizoea usizoee, mguu wa beki bado utanasa kwenye mguu wa straika.

Mnaona tofauti? Lalamiko la kwanza lilikuwa la vidole, la pili la mwili. Yalitoka kwenye midomo ile ile, kwa hasira ile ile, saa ile ile. La kwanza muda ulilimaliza, la pili muda haukuwa na cha kulifanya mpaka mafundi wenyewe wakae walishughulikie.

Tuje kwa wale wa basketi, nawaona mpo pale nyuma. Demo ya NBA 2K21 ilitoka Agosti 24, 2020, na walikuwa wamebadilisha namna ya kurusha kwa ile stiki ya kulia, sasa inabidi ulenge. Watu waliokuwa wanatupia za pointi tatu wamefumba macho kwenye 2K20 ile ya mwaka uliopita, wakawa hawagusi hata chuma. Kelele zikawa kubwa. Gemu ikatoka mwanzoni mwa Septemba, kelele zikaendelea, na kampuni ikatoa marekebisho ya haraka kurahisisha urushaji kwenye levo za chini. Nalipenda hilo tukio kwa sababu lilikuwa lalamiko la vidole na bado kampuni ilisikia, lakini ikasikia kwa akili, ikamsaidia anayeanza na haikuutupa mfumo wote kwa sababu ya wiki moja ya kelele. Hapo hapo kulikuwa na lalamiko la pili kwenye ile demo, kwamba gemu inafanana mno na 2K20, na hilo hakuna marekebisho yaliyoligusa kwa sababu lilikuwa kweli.

Na sasa ile kubwa, wengi mnaisubiri niiseme. eFootball 2022.

Sisi watu wa ukanda huu Konami, kampuni ya Kijapani inayoitengeneza, ni wetu. Kabla watu hawajajua hata neno PES, jina la zamani la gemu yao ya mpira, tulikuwa tunasema Winning, kwenye PS ya kwanza iliyochipuliwa, CD imechorwa chorwa kwa kalamu, menyu za Kijapani hatuelewi herufi moja lakini tunajua ya tatu kutoka juu ndiyo ya kubadilisha fomesheni. Tumecheza na Merseyside Red, tumecheza na London FC, tumecheza na Man Blue, majina ya bandia ya timu za Uingereza, na hatukujali kwa sababu mpira ulikuwa mtamu miguuni. Kwa hiyo Septemba 30, 2021 Konami walipoachia eFootball 2022, gemu ya bure, wameacha injini yao ya Fox, ile programu inayoendesha gemu, wamehamia Unreal, watu walikuwa na matumaini kweli kweli. Na kilichotoka kwa ukubwa wake kilikuwa demo hata kama hawakukiandika hivyo, timu 9 tu, mechi za kawaida, basi.

Siku ile ile ya kwanza dunia ikasema hapana. Sura za Messi na Ronaldo zimepinda, mashabiki jukwaani kama sanamu, wachezaji wanakimbia mikono imelegea, mpira unapita kwenye mguu. Steam, duka la gemu za kompyuta, ikajaa kura mbaya mpaka ikawa miongoni mwa gemu zilizokataliwa zaidi kwenye historia ya ule mtandao. Oktoba 1, yaani kesho yake tu, Konami wakaomba radhi hadharani. Wakaahidi marekebisho, toleo kubwa lililotarajiwa Novemba likasogezwa mbele, waliokuwa wamelipia kifurushi cha awali wakarudishiwa hela, na toleo la 1.0 likaja Aprili 14, 2022.

Zaidi ya miezi sita! Kuna watu walikuwa wanatuambia wakati ule tulieni, ni siku ya kwanza, mtazoea. Hapana. Hakuna cha kuzoea pale. Kipi utakizoea, uso uliopinda? Ile hukumu ya siku ya kwanza ilikuwa sahihi tangu saa ya kwanza na ingekuwa sahihi hata kama angeitoa mtu aliyecheza dakika tano, kwa sababu haikuhitaji ustadi wa kucheza, ilihitaji macho. Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikawaambia msiamini maneno ya siku ya kwanza. Muyaamini, ila mjue yanaongelea nini.

Sasa kuna jambo halisemwi sana na mimi nalisisitiza kila nikipata nafasi, hasa kwa wenye vibanda. Nusu ya maneno ya siku ya kwanza hayahusu demo, yanahusu TV.

Nisikilizeni vizuri. TV zetu hizi za flati nyingi zina mambo ya kupamba picha, inalainisha mwendo, inaongeza rangi, inapunguza ukungu, na yote hayo yanachukua muda kabla picha haijafika machoni kwako. Kwa kuangalia taarifa ya habari haina shida. Kwa gemu unabonyeza pasi na mguu unasogea umechelewa, kidogo sana, lakini kidole kinajua. Kwenye gemu ya zamani umeshazoea huo ucheleweshaji, ubongo umeshaupigia hesabu, unabonyeza mapema bila kujijua. Demo mpya inakuja na mwendo wake, hesabu zinavurugika, unasema gemu nzito, gemu ina matope. Nenda kwenye menyu ya TV, sehemu ya picha, kuna kitu kinaitwa Game Mode, kiwashe. Rangi zitapauka kidogo, utaona kama imeharibika, vumilia, cheza. Nimeona mtu ameilaani demo asubuhi, tumewasha hiyo, jioni anaisifia, na demo haijaguswa.

Na pedi. Julai 30, 2019 demo ya eFootball PES 2020 ilipotoka, moja ya vitu vikubwa ilikuwa chenga mpya za stiki ya kulia, zile Andrés Iniesta alishiriki kuzitengeneza, unasukuma stiki taratibu mchezaji anagusa mpira kidogo kidogo anamwingia beki. Kitu kizuri sana, mimi binafsi naona ni moja ya demo tamu zaidi Konami waliyowahi kutoa, uzito wa mpira, jinsi pasi inavyochelewa mguuni ikiwa imempata mtu amegeuka vibaya. Lakini kibandani, pedi ambayo stiki ya kulia imelegea, imekula mchanga, inaenda kushoto yenyewe hata hujaigusa, hizo chenga utazionea wapi? Mtu anasukuma mbele Messi anageuka kurudi kwa kipa wake. Anasema chenga mpya ni za uongo. Demo mpya ichezewe kwenye pedi nzima, mwenye kibanda ukiwa na pedi moja nzima basi hiyo ndiyo ya demo, zile zingine ziendelee na gemu ya zamani.

Kuna na hili la majina na jezi, nalipita haraka maana kila mtu analiona. Mwaka ule ule wa 2019 Konami walimchukua Juventus peke yao, FIFA 20 ikabidi imwite Piemonte Calcio, na maneno mengi ya siku ya kwanza yakawa ni hayo, nani ana Ronaldo mwenye jezi halali. Ni haki ya mtu kutaka jezi halali. Lakini hiyo ungeisoma kwenye tangazo, haikuhitaji demo. Demo imekuja ili ushike, basi tuambieni mlichokishika.

Tuelewe pia demo ni nini kiufundi. Inakatwa kutoka kwenye gemu ambayo bado haijaisha, inafungwa wiki kadhaa kabla, wakati mafundi wanaendelea kugusa vitu. Kwa hiyo kasi ya mechi, ugumu wa kipa, wingi wa faulo, hivyo ni vitu vya namba, fundi anaweza kuvigeuza kwa apdeti moja ndogo, na mara nyingi vinageuzwa. Usiilaani demo wala kuisifu kwa sababu kipa anadaka kila kitu, maana kipa huyo Oktoba atakuwa mwingine. Konami wenyewe kwenye PES 2012 walitoa demo mbili, moja Agosti moja Septemba, ili watu waone walichorekebisha katikati. Sikilizeni hiyo, demo mbili, kwa gemu moja. Ile ilikuwa heshima kwa mchezaji. Lakini namna mchezaji anavyogeuka akiwa na mpira, namna miguu inavyokanyaga nyasi bila kuteleza, namna miili miwili inavyokutana, hivyo ni vya msingi, havibadiliki kwa wiki tatu, ukiviona vibovu Agosti utavikuta vibovu Krismasi.

Ndiyo maana mimi nikipata demo mechi ya kwanza sitafuti goli kabisa. Napiga pasi tu. Nampa beki wa kati, namgeuza na mpira upande wa mguu wake dhaifu nione anachukua hatua ngapi. Napiga pasi ndefu kwa mtu anayekimbia nione anaupokea akiwa anakimbia au anasimama kwanza. Napiga shuti makusudi kipa auteme, halafu naachia pedi kabisa, sigusi batani, naangalia mpira ule wa pili. Hapo ndipo utaijua gemu. Mpira uliotemwa, hauna mwenyewe, watu wanne karibu, nani anauona kwanza? Kwenye gemu nzuri beki anageuka haraka na straika ameshanusa, wanagombania. Kwenye gemu mbovu wote wanne wanasimama wanauangalia mpaka wewe ubonyeze kitu. Hakuna trela itakayokuonyesha hiyo, trela inaonyesha goli. Halafu mechi ya pili nacheza na mtu aliyekaa pembeni yangu, siyo na kompyuta, maana kompyuta ya demo huwa inakubembeleza. Hukumu ya vidole naiacha mpaka wiki ipite.

Halafu tusitegemee siku moja watu wote tutakubaliana. Sisi wachezaji siyo kundi moja. Kuna anayecheza onlaini na kwenye mashindano kama haya ya leo, huyo anataka mchezaji aitike papo hapo, anataka kasi, akikuta mchezaji anageuka kwa uzito kama binadamu anasema gemu nzito. Kuna anayecheza kazi ya ukocha peke yake usiku, misimu kumi na timu moja, huyo anataka ule uzito, akikuta watu wanateleza kama wako kwenye barafu anasema hii siyo mpira. Wote wawili wameishika demo ile ile. EA wamekuja kulikubali hili kwenye FC 26, maana FIFA yao siku hizi inaitwa FC, iliyotoka Septemba 2025, wakaigawa gemu namna mbili za kucheza, moja ya ushindani na moja ya uhalisia, baada ya kelele za miaka na miaka za makundi haya mawili. Kwa hiyo ukisikia voisi ya mtu anasifia au analaani, swali la kwanza ni huyu anacheza nini nyumbani kwake. Kama haumjui, maneno yake weka pembeni kwanza.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Demo zenyewe zinatoweka.

FIFA 20 ndiyo FIFA ya mwisho kuwa na demo. Mwaka 2020 EA walitangaza FIFA 21 haitakuwa nayo, wakasema muda wanaupeleka kwenye gemu kamili, na FIFA 22 haikuwa nayo, na 23 haikuwa nayo. Badala yake kuna yale majaribio ya saa 10 kwa aliyejiunga na EA Play, huduma yao ya kulipia. Na kwa mtu wa Ulaya hiyo ni bora kuliko demo, jamani saa 10 za gemu kamili, nani atalalamika.

Lakini tuiangalie kutoka hapa tulipo. Ili upate hizo saa 10 kwanza uwe unalipia kila mwezi au kila mwaka, kwa kadi au kwa vocha. Duka la PlayStation halina Tanzania wala Kenya kwenye nchi zake, kila mmoja wetu hapa mwenye PS ana akaunti ya Marekani au ya Uingereza au ya Afrika Kusini, kadi ya benki yako ya hapa inakataliwa, unaenda kununua vocha kwa mtu, mtu anaweka faida yake. Halafu ukishalipa unapakua gemu nzima, makumi ya GB, kwa bando. Kwa bando! Kuna watu hapa wanapakua usiku wa manane kwa sababu kifurushi cha usiku ndicho kinachowezekana, wanaamka alfajiri kuangalia imefika asilimia ngapi. Yote hayo ili ujaribu tu, uamue kama unanunua kitu cha dola 70, ambazo kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi 150,000.

Demo ya zamani ilikuwa ndogo, ilikuwa bure, haikuomba kadi. Kwenye duka lile zima ambalo halitutambui, demo ilikuwa kitu pekee tulichoweza kuchukua sawa sawa na mtu wa Manchester, siku ile ile, kwa masharti yale yale. Mwenye kibanda mmoja aliipakua, mtaa mzima ukaishika, watu thelathini wakafanya uamuzi wao kwa vidole vyao wenyewe. Ikiondoka hiyo tunabaki kuamua kwa video za watu wa YouTube, ambao baadhi yao wamealikwa na kampuni, wamepewa gemu bure, wanacheza kwa intaneti ya kwao na TV ya kwao. Sisemi waongo. Nasema vidole vyao siyo vyangu.

Mtu ataniambia siku hizi gemu za bure zipo, eFootball ni bure, UFL, gemu nyingine mpya ya mpira, ni bure, demo ya nini tena. Naiheshimu hoja hiyo. UFL walifanya hata vizuri kwa upande wao, Juni 2024 walifungua beta, yaani gemu ya majaribio, kwa watu wote kwa siku chache, watu wakasema ya moyoni, kampuni ikaisogeza gemu kutoka Septemba mpaka Desemba 5. Hiyo ni kazi ya demo kabisa, watu wameshika, wamesema, kampuni imechelewesha kwa faida ya mchezaji. Lakini gemu ya bure yenyewe ikishatoka haina nia sawa na demo. Demo inataka ikushawishi mara moja, ununue, iishe. Gemu ya bure inataka urudi kesho, na kesho kutwa, na siku utakayochoka kufungwa na watu wenye wachezaji wakali ulipie kupata wakali wako. Mwanzo wake mara nyingi ni mtamu kweli, unapangiwa wapinzani wepesi, unapewa zawadi, kila menyu inawaka. Kwa hiyo pale siku ya kwanza nawaomba muwe waangalifu kuliko hata kwenye demo, mtu akikuambia hii gemu ya bure ni tamu muulize umecheza muda gani na umeshakutana na waliolipia.

Ninachoomba sasa ni vitu vya kufanyika. Wenye vibanda, demo au beta ya wazi ikitoka tushirikiane bando, mmoja apakue, wengine wanakili kwa diski pale inapowezekana, na siku hiyo TV iwe kwenye Game Mode na pedi iwe nzima. Wachezaji, ukirusha voisi kwenye grupu sema umecheza mechi ngapi, na nani, kwenye nini, na lalamiko lako ni la mwili au la vidole, sekunde kumi tu zinatosha na zitatusaidia wote. Na wale wenye Kiingereza kizuri, nawajua mpo, kampuni hizi zina kurasa za maoni, zinasomwa, kelele za wachezaji ndizo zilizoigawa FC 26 mara mbili, basi tuwaandikie kuhusu demo, tuwaambie wazi kwamba huku kuna wanunuzi wanaolipa bei kamili kupitia akaunti za nchi za watu, na tunachotaka ni mechi moja ya bure, timu mbili, bila kadi. Nimeshaandika barua, ninayo hapa kwenye simu, atakayetaka kuongeza jina lake au kurekebisha sentensi aje tukae naye baada ya nusu fainali, mimi nitakuwa meza ile ya pembeni karibu na jenereta.